Ishirini ya Kufuta Machozi

Waliomkuta ni wanawake wa Kalundu, waliokuja ufuoni asubuhi kuanika ndagala. Alilala chali mchangani, shati jipya, miguu pekupeku, macho yamelikodolea jua kama anayelidai kitu. Mmoja wao akapiga yowe. Mwenzake akamwambia akusanye samaki kwanza, alie baadaye, maana polisi wakifika hawaachi hata ndagala.

Inspekta Sévère alifika akitafuna muhogo. Alikuwa mtoto wa Uvira. Katika maisha yake alikuwa amepigwa na baba, na padri, na Wabelgiji, na karata, na kati ya hao wote ni karata pekee zilizomfundisha kitu.

"Nani anamjua huyu?"

"Ni Libérat, mukubwa," alijibu mama mmoja. "Fundi wa baiskeli wa kule Mulongwe. Murundi wa Mutarule. Muntu mupole, haana neno na muntu."

"Basi kuna muntu alikuwa na neno naye."

Inspekta alichuchumaa. Shingoni palikuwa na alama mbili za vidole gumba, nyeusi kama zambarau. Alikuwa amenyongwa kwa mikono, na mnyongaji alimtazama usoni. Jino la mbele lilikuwa limevunjika. Alifungua kinywa cha marehemu kwa kijiti, akachomoa noti ya franka ishirini, imekunjwa mara nne na kushindiliwa hadi kooni.

Kisha akapapasa mifuko ya suruali. Mfuko wa kulia ulikuwa na bunda la noti. Wa kushoto ulikuwa na jingine.

"Mwizi huyu mjinga," konstebo wake alisema.

"Huyu hakuwa mwizi, mwanangu. Mwizi hakulishi pesa. Anakulisha kisu."

Hapo breki za gari la jeshi zikalia barabarani. Akateremka Luteni, na nyuma yake askari wawili wakimburuta kijana aliyefungwa kamba. Ulikuwa mwaka wa sitini na nne, mvua za Aprili. Waasi walikuwa wameshaonekana huko Lemera, na katika bonde lote la Ruzizi askari walikuwa wakikamata kwanza, wakiuliza baadaye, mara nyingine wakisahau kuuliza.

"Inspekta, kazi yako nimeimaliza," Luteni alisema. "Huyu anaitwa Rémy. Watu walimwona alfajiri akitoka huku ufuoni; tumemkuta sokoni na viatu vya maiti. Tena ni mwasi. Lori langu la Luberizi likija leo jioni, atapanda."

Wote pale ufuoni walijua maana ya kupanda. Kila mara lori lilikwenda Luberizi limejaa, likapita kwenye mashamba ya mpunga, likafika kambini jepesi.

Inspekta alimtazama kijana. Uso ulikuwa umevimba, lakini viatu vilikuwa miguuni, vyeusi, vimepakwa rangi vizuri.

"Viatu vya nani hivyo?"

"Vyangu, mukubwa! Minye nilimwazimisha jana. Asingeingia hotelini kwa Mugriki na malapa."

"Na ukaja kumvua mfu?"

"Nilikuja kumutafuta alfajiri, nikamukuta amekufa. Sasa maiti iko naenda wapi na viatu?"

Konstebo alicheka, akakohoa kuficha kicheko.

"Na pesa zake hukuziona?"

"Niliziona. Hazikuwa zangu."

"Luteni," Inspekta alisema, "umewahi kusikia mwizi anayeiba viatu vyake mwenyewe na kuacha mabunda mawili?"

"Nimesikia waasi wana mambo mengi," Luteni alijibu, akachukua mabunda yote mawili, akayatia mfukoni mwake. "Hiki ni kidhibiti."

"Kizuie vizuri, Luteni. Vidhibiti vya namna hiyo huwa na miguu."

Wakakubaliana kwa shingo upande. Rémy angewekwa kituoni mpaka lori lije. Kama Inspekta hangeleta mtu mwingine kabla lori halijaondoka, Luteni angemchukua.

Hotelini kwa Mgriki viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza. Ernestine, mama anayehudumia vinywaji, alikuwa akipiga deki. Aliposikia jina la Libérat aliendelea kupiga deki palepale, pahali pasafi.

"Dada Ernestine, jana poka ilichezwa hapa?"

"Kila Jumapili baada ya misa inachezwa. Minye iko naleta bia tu."

"Anayeleta bia ndiye anayeona karata zote. Nani walikaa?"

Alitazama mlango. "Mugriki. Patron Jean-Berchmans wa malori. Na yule mwenye nyota mabegani."

"Luteni?"

"Sikutaja jina la muntu."

"Hukutaja. Na Libérat?"

Ernestine aliacha deki. "Huyo alikuwa wa nne. Mara yake ya kwanza. Wenyewe walimwita wakicheka, wakitaka mbuzi wa Jumapili."

Inspekta aliielewa safari hiyo. Nyuma ya vibanda vya Mulongwe, vijana walicheza poka kwa franka moja moja, na mtu hatupi karata hata akiwa na takataka, kwa sababu hasara yake ni bei ya chupa ya bia. Libérat aliwala wote huko. Alirundika akiba yake polepole, mwezi kwa mwezi, hata ikafika ya kukalia kwa Mgriki. Na huko juu mchezo ni mwingine: pesa yenyewe hugeuka fimbo. Tajiri anasukuma rundo mbele, maskini anahesabu magunia ya mchele yaliyomo ndani ya lile rundo, jasho linamtoka, anatupa karata nzuri.

"Naye walimtisha?"

"Walimutisha, hakutishika!" Ernestine alisahau woga. "Alicheza kama anaziba pancha, taratibu, anasikiliza hewa inatokea wapi. Karata mbaya anatupa, anatupa, anatupa, mpaka Mugriki anasema, weye umekuja kucheza ao kusali? Kisha Patron Jean-Berchmans akasukuma vyote vilivyo mbele yake. Akasema, fundi, rudi kwenye baiskeli zako. Libérat akamutazama sana. Akasema, nafuata."

"Alikuwa na nini?"

"Jozi mbili, za kumi na za saba. Patron hakuwa na kitu. Ilikuwa hewa tupu!"

"Kisha?"

Mama aliinama, akashika deki tena.

"Dada, kuna kijana atapanda lori jioni."

"Kisha Libérat akakusanya vyake," alisema kwa sauti ndogo. "Akatoa ishirini. Akaenda kwa Patron, akamutilia mukononi, kwa heshima yote, mikono miwili. Akasema, Papa, ya kufuta machozi."

Inspekta alifumba macho kidogo.

Desturi hiyo aliijua. Ni ya Mulongwe, ya wachezaji wa franka moja. Mshindi hatoki hivihivi; humrudishia aliyeliwa kidogo, apate cha kununulia kitoweo, na mkewe asimfungie mlango. Anayepewa hucheka, anatukana kidogo, anapokea. Asiyetoa huitwa mchawi. Lakini huko chini wote walikuwa wakilia pamoja. Huko juu, nani amemwambia huyu fundi kwamba Patron ana machozi?

"Patron alifanyaje?"

"Alisema asante. Akaitia mufuko wa shati. Lakini yule mwenye nyota alicheka, akacheka, mpaka akapiga meza."

Jean-Berchmans alimpokea Inspekta kwenye bohari lake, nyuma ya meza aliyoirithi kwa Mbelgiji. Kiti nacho alikirithi, na hata namna ya kutomkaribisha mtu. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji kwenye vidole viwili.

"Pole na mkono, Patron."

"Mlango wa lori. Dereva wangu ni ng'ombe."

"Pole. Jana uliliwa poka, nasikia."

"Mtu huliwa, mtu hula. Nina malori sita, Inspekta. Kwani poka ni nini?"

"Kweli. Baada ya mchezo ulikwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa njia ya ufuoni?"

"Kwa njia ninayotaka."

Inspekta alitoa karata mfukoni, zake za kuchezea Mulongwe, zimelika pembe. "Nigawie mkono mmoja, Patron. Nasikia unagawa vizuri."

"Sina muda wa mchezo."

"Au vidole vinauma? Fungua hiyo bendeji nione. Mimi nimefungiwa milango mingi maishani, naijua alama yake."

"Ukinigusa, nampigia Luteni simu."

"Mpigie. Mwambie pia unataka kuzungumza naye habari ya kicheko chake."

Mkono mzima wa Jean-Berchmans ulibaki hewani, nusu ya njia kuelekea kwenye simu. Ukarudi. Inspekta aliukamata ule mwingine, akafungua bendeji polepole kama daktari. Mlango hubana, huponda. Hapa palikuwa na upinde wa vidonda juu na upinde mwingine chini, na katika upinde wa juu pengo moja, pale ambapo jino lilivunjika badala ya kuuma.

"Patron," Inspekta alisema, "lori lako lina meno?"

Nje wapakuzi walikuwa wakihesabiana magunia kwa wimbo.

"Twende hospitali, daktari alinganishe mkono huu na kile kinywa? Au utaniambia mwenyewe?"

Jean-Berchmans aliketi vizuri. Alipozungumza, hakuwa na sauti ya mtu anayejutia kitu.

"Ulitaka nifanye nini? Pesa angechukua zote, nisingemgusa. Pesa najua kuzitafuta. Lakini kanitilia ishirini mkononi! Mimi! Nimekaa miaka kumi na tano namwambia Mbelgiji ndiyo bwana, ananipa sabuni ya Krismasi mkononi namna hiyohiyo, nasema asante. Uhuru ukaja. Nikasema, sasa basi, hakuna tena mtu wa kunipa kitu kidogo na mimi nikasema asante. Na jana nikasema asante, Inspekta! Ilinitoka yenyewe mdomoni!"

"Na Luteni akacheka."

"Akacheka. Mgriki akacheka. Ningemnyonga Luteni? Ana bunduki. Mgriki? Ana hoteli, ningekunywa wapi?" Alitabasamu kidogo. "Nikamnyonga fundi wa baiskeli. Nilimwita ufuoni, alikuja mwenyewe. Alidhani nataka kumpa kazi. Nilimrudishia ishirini yake, akaimeza. Alilia sana. Hakuna aliyemfuta."

Konstebo aliyesimama mlangoni aliandika maungamo, Jean-Berchmans akatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Akatiwa pingu mbele ya wapakuzi wake. Wimbo ulikatika, kisha ukaendelea.

Kituoni lori lilikuwa limeshafika, injini inanguruma uani. Pembeni, kwenye gari la mchele, maiti ya Libérat ilikuwa imefungwa katika mkeka, na kando yake amesimama mamaye, Inamahoro, aliyeletwa na gari hilohilo kutoka Mutarule. Alimshika Inspekta mkono wa shati.

"Mwanangu, usinipe maiti mbili. Huyu Rémy alikuwa anakuja kwangu na Libérat kila mavuno. Hawezi. Nakuapia Mungu, hawezi."

"Hakuua, mama. Mwuaji tumempata. Namfungulia sasa hivi."

Mama alipiga magoti, akainuliwa.

Ndani ya selo Rémy alikuwa ameegemea ukuta.

"Toka. Patron Jean-Berchmans amekiri."

"Amesema alimuua ju ya nini?"

"Ju ya ishirini."

Rémy alivitazama viatu miguuni mwake. Kisha akacheka mara moja, na Inspekta alidhani ni furaha ya kupona.

"Basi aliitoa kweli," alisema. "Aliniuliza. Nilipokuwa namufunga kamba za viatu aliniuliza, Rémy, huko juu nako wanatoa ya machozi? Nikamwambia, toa. Toa mbele ya bantu, ndiyo watakuheshimu."

"Ulijua?"

"Nilibeba bia kwenye ile meza wakati wa Babelgiji. Niliona muzungu anamurudishia mwenzake noti, akapasuliwa chupa kichwani. Nilijua, mukubwa. Minye ndiye nilimufundisha karata. Alipopanda kwenda meza ya huko juu, aliniomba viatu. Hakuniomba twende wote. Nilitaka wamuzabe kofi moja tu, arudi kwetu."

Inspekta alibaki na mkono kwenye komeo. Alizipitisha sheria zote kichwani, za Mbelgiji na zile mpya, hakuona hata moja yenye kifungu cha kosa hilo.

"Inspekta!" Luteni aliita kutoka uani. "Yuko wapi mtu wangu?"

Lilikuwa jambo la neno moja tu, na Rémy angepanda lori. Inspekta alilitafuna neno hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa.

"Hapa huna mtu, Luteni. Mwuaji nimemleta, ametia sahihi," alisema mwishowe. Akamgeukia Rémy. "Twende."

"Mukubwa, unanipeleka wapi?"

"Nyumbani kwa marehemu."

Inamahoro alimwona, akamfungulia mikono. Alimpapasa uso uliovimba, akamfuta damu kwa ncha ya kanga yake, akimwita jina la mwanawe, akijisahihisha, akiliita tena.

"Mungu amenichukua mmoja, ameniachia mmoja. Utalala kwenye kitanda chake. Kile kishamba chake cha mpunga utalima weye. Si ndiyo, mwanangu?"

Rémy alimtazama Inspekta, mdomo wazi.

"Mjibu mama yako," Inspekta alisema.

"Ndiyo, mama."

Wakapanda gari la mchele, kila mmoja upande wake wa mkeka, na mama akanyoosha mkono juu ya maiti akaushika wa kijana. Gari likaondoka. Inspekta alimwona Rémy akijaribu mara moja kuuchomoa ule mkono; mama akaukaza.