Hina Isiyofifia

Hina hufifia, hilo halihitaji elimu. Lakini asubuhi ile, kambini chini ya barafu kuu ya mlimani, hina ya Mahnoor iliyokuwa imeanza kupauka ilikolea upya, nyekundu ya kuiva.

"Danish, ndiyo mapenzi haya?" alimtania mumewe. "Umenipaka nimelala?"

"Mimi nililala na viatu, mke wangu. Muulize kaka Mehdi."

Mehdi, mwongozaji wao wa njia, hakucheka. Harufu ya hina ilikuwa imejaa hema, imechanganyika na ya jiwe bichi, naye alijua alichokifanya jana.

Wawili hao walitoka Lahore kuja kutembea milimani kwa fungate yao. Njia yao ilipita upande wa pili wa mlima, na huko ndiko wazee wa kijiji cha Mehdi walikotaka mtu akachukue barafu jike. Mfereji wa kijiji ulikuwa unakauka. Barafu iliyo juu ya kijiji ni dume, nyeusi, bahili, na haikui mpaka iozeshwe jike, hapo ndipo izae maji. Anayembeba bi harusi huyo mgongoni, ndani ya kapu la majani makavu, hasemi neno mpaka amfikishe, kwa kuwa jini mwenye barafu dume anasikiliza. Mehdi akaona safari moja itamaliza kazi zote mbili. Mshika mbili moja humponyoka.

Jana, kabla ya kujitwika kapu, aliwaonya wageni kwamba atakuwa bubu njia nzima. Mahnoor akaufanya mchezo. Alimwandama mawe kwa mawe, akiteleza na kucheka. "Kaka Mehdi, umebeba nini? Jamani kaka, mgeni anakuuliza." Na kwao Mehdi, mgeni akikuuliza mara ya tatu ukanyamaza, umemfukuza. Aibu ikamshinda.

"Bi harusi," akajibu, bila kugeuka.

Juu yao barafu ilipiga kishindo, kisha kingine, vikafuatana kama ngoma. Na nyuma ya Mehdi alikuwa anatembea Mahnoor, hina ya harusi mikononi.

Sasa, pale kambini, Mehdi alilifunua kapu lake. Barafu haikuwemo. Majani yalikuwa makavu, wala hapakuwa na tone la maji.

"Mnasikia?" Mahnoor aliuliza taratibu. "Wamekuja na ngoma."

"Akina nani, mpenzi?" Danish akanong'ona.

"Watu wa bwana harusi."

Ukungu ukashuka, na kabla hawajajua la kufanya Mahnoor alikuwa ameshavua viatu na kushika njia ya kupanda, peku juu ya barafu, haharakishi wala hajikwai, na kila Danish alipomshika mkono alilazimika kuuachia kwa jinsi ulivyomchoma kwa baridi, mpaka Mehdi akamfunga kamba kiunoni na wakaanza kumvuta kuteremka, wao wanalia na yeye anatabasamu, ngoma zinawafuata nyuma, na harufu ya hina imewajaa kooni hata wanashindwa kuvuta pumzi.

Kijijini walimkimbiza kwa Babu Rozi, mganga anayevuta moshi wa majani ya mreteni, mti wa milimani, akazungumza na majini wa juu. Mzee aliziangalia zile nyayo zilizochubuka bila kutoka damu, kisha akamgeukia Mehdi.

"Ulimjibu nani?"

"Mgeni, babu."

"Na aliyesikia ni nani?"

Hapo Mahnoor, asiyejua hata kuomba maji kwa lugha ya kijiji kile, akaisema lugha hiyo kwa lafudhi ya mabibi vizee wa zamani. "Mmenitoa kwetu. Mbona hamnifikishi?"

Danish hakuelewa neno, lakini aliiona hofu usoni mwa Mehdi na mganga. Akampigia Mehdi magoti. "Kaka, nirudishie mke wangu. Nakuomba."

Mehdi aliingiza uso wake ndani ya moshi. "Nilikosea," alimwambia jini, machozi yanamtoka. "Nilikuwa nasema barafu, bwana, huyu si wako, huyu ana mume na mama yake anamsubiri, kama ni deni ni langu mimi niliyefungua mdomo, nichukue mimi, mwache mtoto wa watu aende." Alirudia hayo hadi sauti ikamkauka, na Babu Rozi akisoma dua huku anaongeza majani motoni.

Mwishowe Mahnoor akatapika maji ya baridi kali, na ndani yake mabua makavu ya lile kapu. Viganja vyake vikabaki vyeupe, hina yote imetoweka. Akamwita Danish kwa jina.

"Ameondoka?" Mehdi aliuliza.

"Amenyamaza," Babu Rozi akajibu. "Mpelekeni kwenye joto, asirudi huku tena."

Mehdi aliwaambia wazee kwamba barafu iliyeyuka njiani. Waliguna tu, wakasema watajaribu tena mwakani.

Haikuhitajika. Majira ya kuchipua maji yalikuja kwa nguvu hata mfereji ukafurika, na watu wakamkumbatia Mehdi njiani. "Mbona ulituficha? Kumbe ulimfikisha."

Alimpigia Danish simu.

"Tumemzika juzi," Danish alisema. "Alifariki mchana, na joto la Lahore unalijua. Waliomwosha walisema maji yaliganda mwilini mwake. Kisha wakaniuliza ni nani aliyempaka hina."

Mehdi alikuwa bado ameshika simu mkewe Hajira alipomletea chai ya chumvi na siagi, amefurahi kama wote.

"Maji matamu haya, baba Fiza," alisema. "Ila yana harufu. Kama ya nyumba yenye harusi."

Mehdi alikipokea kikombe, akakaa nacho mpaka kikapoa. Kisha akanywa, kwa sababu kijijini hapakuwa na maji mengine.