Bango la Mama

Jua lilikuwa limebakiza wekundu kidogo tu juu ya mapaa ya maghala ya bandari, Telma alipomaliza kukoleza herufi ya mwisho. Aliandika juu ya mapaja yake, ndani ya gari, kwa maka peni nyeusi, kwenye kadibodi aliyoikata kutoka boksi la sabuni.

BEATRIZ.

"Herufi kubwa zote hizo! Mama yako amekuwa kipofu?" alimtania mjomba wake, Americo, akiwa nyuma ya usukani.

"Wageni wa meli wote tunawaandikia hivi, Mjomba. Na huyu leo ni mgeni."

Americo alicheka. Gari lilikuwa lake. Kila meli ya watalii ilipotia nanga Mtwara, yeye alichukua abiria waliokodi gari mapema: kutoka bandarini hadi mjini, kutoka mjini hadi uwanja wa ndege. Telma, tangu aache shule akiwa kidato cha pili ili kumuuguza Bibi, ndiye aliyepokea maombi yote kwenye simu. Alijua kuwajibu watu vizuri. Hakuna ombi lililompa furaha kama la safari hii, kutoka kwa mama yake mwenyewe.

"Mwanangu, niwekee gari. Bandarini, kisha nyumbani Chikongola nikale chakula cha Bibi, kisha uwanja wa ndege. Mkataba wangu umeisha. Nikimaliza mambo ya Dar narudi moja kwa moja."

Mama yake alikuwa mfuaji nguo kwenye meli hiyo. Miaka miwili hawakuwa wameonana. Miaka miwili ya sauti tu, inayokatika katikati ya bahari.

Telma alishuka na bango lake, akasimama getini. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: asiye na bango lenye jina la abiria hakuruhusiwa kusimama pale.

"Leo unampokea nani, mchumba wa Kizungu?" aliuliza Mathayo, mlinzi wa geti, mtu wa Njombe asiyeishiwa utani.

"Mama yangu."

"Mama yako mzazi? Unamwandikia bango?" Mathayo alipiga kofi pajani. "Nyie watu wa Mto Ruvuma mna mambo! Kwetu mama anapokelewa kwa vigelegele."

"Si ninyi mnaotaka bango?"

"Haya, simama. Bosi wangu asije akasema."

Watalii walitoka. Mabasi yaliwachukua. Madereva wenzake waliita majina ya abiria wao, wakawapata, wakaondoka. Watu wakapungua... wakapungua... mpaka geti likabaki na upepo na harufu ya tope la mikoko iliyo kando ya ukuta.

Adhana ya magharibi ilisikika kutoka mjini. Taa za geti zilikuwa bado hazijawashwa.

Mama hakutoka.

Labda ameniona, hakunitambua, aliwaza Telma. Labda ametokea mlango wa pili. Akanyanyua bango juu ya kichwa. Halafu akafungua mdomo, akasita.

Alikumbuka mwiko mmoja. Alikuwa na miaka sita, bado wanaishi kule Kilambo, karibu na mto. Alisikia watu wakimwita mama yake, naye akawaiga. "Beatriz! Beatriz!" Bibi alitoka jikoni na upawa wa moto, akampiga nao mdomoni.

"Jina la mama yako si la mdomo wako," Bibi alimwambia. "Wewe umetoka tumboni mwake. Ukilitoa jina lake nje, hasa giza likiingia, linatoka kweli. Na hujui nani atalidaka."

Kwao mtoto humwita mzazi Mama, basi. Lakini hiyo ilikuwa Kilambo, na hii ilikuwa kazi. Kazini abiria huitwa kwa jina.

Telma aliita, kwa sauti ya furaha, kama anavyowaita wageni wengine.

"Beatriz! Beatriz! Gari lako liko hapa!"

Upepo ulitulia.

"Nipo."

Sauti haikutoka ndani ya geti. Ilitoka kando, upande wa mikoko. Ilikwaruza, kama ya mtu ambaye hajasema neno kwa miaka mingi.

Mwanamke alijitokeza gizani. Mrefu kama Mama. Kilemba, koti la kazi, barakoa usoni kama wanavyovaa wafanyakazi wa melini. Telma hakufikiri mara mbili. Alimkimbilia, akamkumbatia.

Alikuwa wa baridi. Nguo zake zilikuwa na unyevunyevu.

"Mama! Jamani, Mama!"

Mwanamke alilichukua bango taratibu kutoka mkononi mwa Telma, akalitazama, akalikumbatia kifuani. Kisha akaingia kwenye gari, kiti cha nyuma.

Amechoka, Telma alijiambia. Akaingia, akaketi kando yake.

"Beatriz!" Americo alipaza sauti kwa furaha, akimwangalia kwenye kioo. "Dada yangu! Hata salamu?"

"Salama, kaka."

Telma aligeuka. Sauti ile haikuwa ikikwaruza sana tena. Gari likaondoka.

Harufu ya tope ilikuwa imeingia nao. Telma alifungua dirisha, haikutoka. Chini, kwenye miguu ya mwanamke, kapeti lilikuwa linaloa. Na hakuwa na begi. Mtu aliyekaa baharini miaka miwili, hana hata mfuko.

"Mama, mizigo yako?"

Mwanamke aliendelea kulikumbatia bango.

"Mama?"

Hakugeuza hata shingo, kama vile neno hilo halimhusu.

"Beatriz, mtoto anakuuliza mizigo," alisema Americo.

"Sina mizigo. Tupite mjini, kisha uwanja wa ndege."

Telma alijisogeza kuelekea mlangoni. Hiyo sasa ilikuwa sauti ya mama yake. Si kama yake. Yake kabisa, na ule mvuto mdogo mwishoni mwa maneno.

Simu ya Telma ilitetemeka mkononi. Alitazama kioo chake.

Mama.

Aliiweka sikioni polepole sana.

"Mwanangu..." Sauti ilikuwa mbali, imekauka. "Mko wapi? Walituchelewesha kwenye ukaguzi. Nipo hapa getini na begi langu. Sioni gari."

Telma aliigandamiza simu sikioni.

Mwanamke aliyekuwa kando yake alikuwa anatazama mbele. Kidole chake kilikuwa kinafuata herufi za bango, moja baada ya nyingine. Taratibu. Kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Nani huyo?" aliuliza Americo.

"Mteja," Telma alinong'ona. "Mjomba... turudi bandarini. Nimesahau kitu."

"Kitu gani? Bibi ameshapakua. Beatriz, unamsikia huyu? Amerithi usahaulifu wako!"

Mwanamke akacheka.

Kicheko cha Mama. Kile cha kupanda halafu kukatika ghafla, ambacho Telma aliwahi kukitambua sokoni katikati ya umati. Na katika simu, wakati uleule, mama yake alikohoa.

"Mwanangu... kuna mlinzi ananiuliza..." Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Ananiuliza naitwa nani. Mbona... mbona sikumbuki..."

Hapo Telma alielewa. Kila Mjomba alipotamka jina, huyu aliyekuwa garini aliongezeka, na yule wa getini alipungua. Na aliyeufungua mlango alikuwa yeye.

Bibi alisema litadakwa. Limedakwa.

"Mjomba, usimwite tena."

"Eti nini?"

"Usimtaje jina. Nakuomba. Simamisha gari."

Americo alipunguza mwendo, akageuza shingo. Telma alikuwa amejibana mlangoni, machozi yanamtoka, lakini alijilazimisha kumtazama mwanamke usoni. Juu ya barakoa macho yalikuwa ya mama yake. Karibu ya mama yake. Hayakupepesa.

"Kama wewe ni mama yangu," alisema, "mimi naitwa nani?"

Mwanamke aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza kitu cha mbali. Tangu waingie garini, hakuna aliyekuwa amelitaja jina la Telma. Hata mara moja.

"Niite kwanza," alinong'ona mwanamke kwa sauti tamu ya mama yake. "Niite mara moja tu. Kama ulivyoniita pale."

"Mimi naitwa nani?"

"Wewe ni mtoto wangu."

"Nani?"

"Ninyi mna wazimu gani?" Americo alifoka, akakanyaga breki. "Dada, si huyu ni T..."

Telma alijirusha mbele. Aliubana mdomo wa mjomba wake kwa viganja vyote viwili, akaubana mpaka meno yake yakamwuma mkononi. Simu ilikuwa imeangukia kitini, bado iko hewani. Akaipigia kelele kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Mama! Mama! Mama yangu!"

Mlio mdogo. Pumzi. Kisha, kutoka ndani ya simu:

"Bee, mwanangu. Nipo."

Mlango wa nyuma ulifunguka.

Hawakumwona akishuka. Walisikia tu nyayo zilizolowa juu ya lami... chap, chap, chap... zikienda mbele yao, si nyuma. Kisha hakuna.

Kiti kilikuwa kimelowa chapachapa. Juu yake kulikuwa na majani mawili ya mkoko.

Bango halikuwepo.

Americo alikaa ameshika usukani, jasho linamtiririka. Kisha akageuza gari bila kuuliza, akaendesha kama mwizi hadi bandarini.

Mama alikuwa amekaa juu ya begi lake chini ya taa ya geti, Mathayo kasimama kando. Telma alimwangukia kifuani. Alikuwa na joto. Alinukia sabuni. Alikuwa mama yake, hana shaka yoyote.

Mathayo alimvuta Americo pembeni. Hakuwa na utani.

"Bwana, dada yako mgonjwa? Nimemuuliza jina niandike kwenye daftari, ananitazama tu. Ametafuta, ametafuta. Mwisho ameniambia, mimi ni mama yake Telma. Basi. Hilo tu ndilo analolijua."

Telma alisikia. Alifumba macho.

Hawakupita Chikongola. Muda ulikuwa umekwisha, na Americo alitaka watu, taa, mahali penye kelele. Walikwenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Dada wa pale kaunta alichukua pasipoti ya Mama, akabonyeza kompyuta, akakunja uso.

"Huyu abiria ameshaingia."

"Ameingia vipi, naye ndiye huyu?" alisema Americo.

"Ndivyo inavyoonyesha hapa, kaka. Amekaguliwa, ameingia." Alimtazama Mama. "Samahani, mama, hebu nitajie jina lako kamili."

Mama alifungua mdomo. Aliuacha wazi. Kisha akautafuta mkono wa Telma kama mtu anayetafuta nguzo gizani.

Nyuma ya vioo, ndege ilianza kunguruma.

Usiku ule Bibi hakuwalaumu. Alimsikiliza Telma mpaka mwisho, akamwogesha Mama kwa maji ya chumvi, akampakulia chakula kwa mkono wake. Mama alikula vizuri. Alisimulia habari za meli, akawauliza majirani wote kwa majina yao. Lakini Americo alipojisahau uani na kumwita "Beatriz," hakugeuka. Aliendelea kuosha sahani, kama vile ameitwa mtu wa nyumba nyingine.

"Ataishi," Bibi alimwambia Telma. "Umama wake uko kwako, ulimshikilia nao. Jina ndilo limekwenda."

"Limekwenda wapi, Bibi?"

Bibi aliendelea kupanga kuni.

Asubuhi simu ya Telma ililia. Alikuwa Doris, rafiki wa Mama aliyewahi kufanya naye kazi melini, ndiye aliyepangiwa kumpokea Dar es Salaam. Telma alikuwa tayari na maelezo ya kwa nini Mama hakusafiri.

"Mwanangu, usiwe na wasiwasi," Doris alianza kabla hajasalimiwa. "Mama yako kafika salama. Jana nilisimama na bango langu pale uwanjani, naye akatoka na la kwake, amelikumbatia! Tumecheka sana. Ila mbona hana hata begi?"

Telma alimtazama Mama. Alikuwa ameketi kizingitini, anachambua mchele, hana habari.

"Shangazi Doris," alinong'ona, "huyo mtu yuko wapi sasa?"

"Si huyu hapa kwangu, hata chai hajainywa. Tena mkanye, bahari imemvuruga akili. Jana usiku hakuacha kuniuliza jina lako! Mama mzazi, eti jina la mwanawe limemtoka!"

Nyuma ya sauti ya Doris, mtu alicheka. Kicheko cha kupanda, halafu kukatika ghafla. Kizingitini, mikono ya Mama ikasimama juu ya ungo. Alikuwa hajacheka tangu jana.

"Shangazi, usimwambie," Telma alisema. "Tafadhali. Usimwambie!"

"Aa, kwa nini?" Doris alishangaa. "Nimeshamwambia, mwanangu. Tangu alfajiri kasimama dirishani, anakuita kwa jina."