Maji ya Nyuki

Ekseli ilikatika kwenye mteremko. Pikapu ikaacha njia, ikagonga kisiki, ikalala ubavu. Dereva akamtoa mama mkwe wake dirishani. Walikuwa wanakwenda kumwona mtoto mchanga, wa kwanza wa dereva. Dumu la maji lilipasuka, na mchanga ulikuwa umeshakunywa yote.

"Umeumia, baba?"

"Nimechubuka tu, mama."

Uongo. Bati lilikuwa limemchana paja, juu kabisa, na mwanamume gani atamvulia mkwewe suruali porini? Akajifunga shati kiunoni kuficha damu. Njia ile ya mkato aliichagua mwenyewe. Tangu asubuhi hawakupishana na gari hata moja.

Kesho yake midomo ilikuwa imepasuka. Mama akafumba macho. "Bwana, tupe ya leo."

"Si uombe gari kabisa, mama? Unaomba kama umeshiba!"

"Gari liko wapi, Yeye anajua. Mimi najua kiu ya leo."

Nyuki akatua shavuni pake, akalamba jasho. Mama hakumfukuza. Alimtazama akiondoka, akamtazama na mwingine, na mwingine. Wote walipita chini chini kuelekea kwenye majabali.

"Hawa wanakwenda wapi?"

"Mama, utafuata nyuki? Wakikupeleka mzingani je?"

"Tutakula asali. Wewe una mpango gani?"

Hakuwa nao. Wakaenda, yeye akiburuta mguu. Kwenye ufa wa jabali kulikuwa na kishimo, na ndani yake maji ya kujaza kiganja. Mama akachovya ncha ya kitambaa, wakanyonya kwa zamu. Kishimo kikakauka. Halafu, polepole, kikajaa tena.

"Yanatoka wapi, na mvua hakuna?" Mama akatega sikio kwenye jiwe. Kimya. Alipogeuka, mkwe alikuwa ameanguka, shati limelowa damu.

"Vua."

"Mama, hapana."

"Nilimwogesha mume wangu mpaka siku aliyokata roho. Unadhani paja lako lina jipya?"

Akacheka, akalia, akavua. Mama aliosha kidonda kiganja kwa kiganja, akisubiri kishimo kijae kila mara, kisha akakifunga kwa kilemba chake. Jioni homa ilipanda.

"Mama, nitamwona mwanangu?"

"Sijui, baba. Ninachojua, hatujaachwa. Kunywa."

Kulipokucha alikuwa bado anapumua, na maji yalikuwa bado yanakuja. Jua lilipopanda wakasikia kikohozi. Mrina asali alitokea na kienge chake cha moshi, akifuata kwa macho nyuki wale wale. Alipowaona nusura akimbie.

Mkokoteni wake ulikuwa nyuma ya majabali. Kabla ya kumbeba mgonjwa akainama kishimoni, akatikisa kichwa.

"Mmeishi kwa haya? Watu wawili? Hapa hata mbwa wangu hashibi!"

Mama akafungua mdomo, lakini mkwe alimtangulia.

"Yalitutosha," alisema. "Hebu niinueni kidogo, nitazame yanavyoingia."