Maziwa Aliyoyakana Selina

Kila asubuhi Selina alikuwa wa kwanza kufika darasani, si kwa bidii ya masomo bali kwa woga. Aliyefika mapema hakulazimika kupita mbele ya wenzake arobaini waliokwisha kukaa. Aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye dawati la nyuma, akafungua daftari na kujifanya anasoma mpaka kengele ilipolia.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita. Mwezi wa kwanza baba yake alimleta kutoka Endabash akae na shangazi yake, Leonida, aliyefua mashuka katika hoteli moja ya watalii pale Karatu mjini. Kijijini Selina aliongea na mbuzi, ng'ombe na bibi yake bila shida yoyote. Mjini ulimi uligoma. Akiulizwa jina, alijibu kwa sauti ambayo hata kola ya shati lake haikuisikia.

Jumamosi moja alipata mwalimu wa ajabu. Ilikuwa katuni ya Kijapani kwenye runinga ya shangazi, iliyotiwa sauti za Kiswahili, kuhusu msichana wa shule mwenye haya kupindukia. Msichana yule alijiwekea sharti la kumsalimia mtu mmoja mpya kila siku. Siku moja alifumba macho kwa woga, akausalimia mlango kwa heshima zote. Selina alicheka mpaka shangazi akaja kuchungulia kuna nini. Akaamua kwamba naye atajaribu.

Jumatatu alimchagua Naisenya, kwa sababu ndiye pekee aliyeonekana kuwa mwoga kuliko yeye. Naisenya alitoka Nainokanoka, kule juu kwenye baridi na mifugo, akawa anaishi katika bweni la shule. Kiswahili alikipima neno kwa neno kabla ya kukitoa, na wenzake walikwishachoka kumsubiri.

"Mambo," Selina alisema.

Naisenya alimtazama kwa muda. "Poa," alijibu. Kisha akasogea, akampa nafasi kwenye dawati lake.

Hapo ndipo urafiki ulipoanzia. Mwalimu Antonia alipomwita Selina asome kwa sauti, Naisenya alimwekea kidole kwenye mstari ili asipotee. Naye Selina alimrekebisha mwenzake Kiswahili taratibu, bila kumcheka. Mchana walikula makande pamoja. Baada ya wiki tatu Selina alianza kuchelewa kufika shuleni, na mtu mwenye woga hachelewi hivihivi.

Laiti mambo yangeishia hapo! Lakini Selina alikwishaonja utamu wa kuwa na rafiki, akatamani wengine. Na darasani hapakuwa na kundi lililong'aa kuliko la Jackline. Baba yake Jackline aliendesha magari ya watalii kwenda Ngorongoro, na mara nyingi alirudi na lanchi boksi ambazo wageni hawakuzimaliza. Jackline alizileta shule. Wakati wa mapumziko wasichana sita walimzunguka, wakigawana keki na vipande vya chokoleti.

Siku ya mnada wa mifugo, Jackline aligeuka akamwita. "Selina, mbona hukai na sisi? Njoo basi!"

Selina alikwenda mbio. Alipewa nusu ya keki, akakaa katikati yao, akajiona amefika. Hata hakuangalia Naisenya alikuwa wapi.

Naisenya alikuwa getini. Mama yake aliteremka kutoka Nainokanoka alfajiri, akapata lifti kwenye gari la mahindi, akapita shuleni kabla ya kwenda mnadani. Ameniletea nini, ndivyo wanafunzi wa bweni wanavyojiuliza kila mzazi anapotokea. Safari hii mama hakumletea mwanawe peke yake. Naisenya alivuka uwanja akiwa na kibuyu kidogo cha maziwa ya mgando, kimepambwa shanga shingoni, akakishika kwa mikono miwili na kumpa Selina.

"Mama amekuletea wewe," alisema, akihangaika na maneno. "Nilimwambia nina rafiki. Akasema rafiki asikae bila maziwa."

Jackline aliinama, akanusa. "Heee! Mbona kinanuka moshi? Selina, hiki ni cha nini?"

Wasichana wote walimtazama. Selina alijua jibu. Kwao Endabash bibi yake alisugua kibuyu kwa kijinga cha moto kila asubuhi kabla ya kutia maziwa, kwani moshi ndio unaokisafisha na kuyafanya maziwa yasiharibike. Selina mwenyewe aliifanya kazi hiyo tangu akiwa na miaka saba. Ile harufu ndiyo harufu ya nyumbani kwao. Lakini kusema hivyo kungekuwa kusema, "Mimi pia ni wa huko," na keki ilikuwa bado mkononi.

"Sijui," alisema. "Watu wa huko hawaoshi vyombo."

Wasichana walicheka. Selina naye akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu afike Karatu sauti yake ilisikika vizuri kabisa.

Naisenya alikichukua kibuyu, akakipeleka bwenini. Akarudi getini mikono mitupu. Kwa mbali Selina alimwona mama mtu akiuliza kitu, na Naisenya akijibu. Kisha yule mama akatabasamu, akainua mkono, akampungia Selina kwa furaha. Selina hakuelewa.

Kesho yake Naisenya alihamia dawati la mbele kabisa. Selina alisalimia, hakuitikiwa. Siku tatu zikapita hivyo. Nyumbani alishindwa kula, na shangazi Leonida akamkazia macho.

"Unaumwa?"

"Hapana, shangazi."

"Basi umekosa. Sema."

Selina alisema yote huku analia. Shangazi hakumbembeleza. "Bibi yako angekusikia angelia," alimwambia. "Umemtukana yeye pia, na mimi, na wewe mwenyewe. Uongo uliusema mbele ya watu, hivyo nenda ukaufute mbele ya watu."

Kwa Selina, hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko fimbo. Hata hivyo asubuhi aliomba ruhusa kwa Mwalimu Antonia, akasimama mbele ya darasa.

"Kile kibuyu hakikuwa kichafu," alisema. "Moshi ndio usafi wake. Hata kwetu tunafanya hivyo, nami nafanya. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu. Naisenya, nisamehe."

Jackline ndiye aliyezungumza kwanza, akiwa ameshangaa kweli. "Sasa si ungesema? Mimi nilikuwa nauliza tu. Ungeniambia, ningeonja."

Maneno hayo yalimuuma Selina kuliko kicheko. Alimtupa rafiki yake, na hakuna aliyemlazimisha kufanya hivyo.

Wakati wa mapumziko alimfuata Naisenya nje. "Umenisamehe?"

"Nimekusamehe," Naisenya alisema. "Lakini siku ile mama aliuliza mnacheka nini. Nikamwambia mmefurahia maziwa. Ndiyo maana alikupungia." Alitafuta maneno. "Sijawahi kumdanganya mama yangu. Ile ilikuwa mara ya kwanza."

"Akija tena nitamwambia ukweli. Nitamwomba radhi."

"Usimwambie!" Naisenya alisema haraka. "Amewaambia majirani kwamba nina rafiki mjini. Mwache na furaha yake." Kisha akaenda darasani, akakaa kwenye dawati lake la mbele.

Jioni shangazi alikuwa akikunja nguo alizoanua. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamketisha Selina karibu naye.

"Kama amekataa mama yake asiambiwe, heshimu," alisema. "Usitake kupumua wewe kwa kumuumiza mama wa watu. Mwanangu, kumpata rafiki ni salamu tu, hata mtoto wa chekechea anaweza. Kazi iko siku watu wanapomcheka nawe umesimama palepale. Siku ile ukikana, unaweza kuomba msamaha na ukasamehewa kabisa, lakini kilichokwisha kuvunjika unaweza usikipate tena. Kesho msalimie. Keshokutwa pia. Asipoitika, usimlaumu."

Selina alijifuta machozi. "Shangazi, tutarudi kuwa kama mwanzo?"

Shangazi Leonida aliweka shuka chini, akamtazama usoni.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Nisingependa kukudanganya."