Mbuzi Hawaendi Shuleni

Asubuhi nyumbani kwa Kavutha huanza na chai na kelele za kutafuta soksi. Soksi ni za Ndunge, binti yake mdogo, anayesoma chekechea. Kila siku soksi moja hupotea. Kila siku hupatikana chini ya kitanda. Kavutha humvalisha mtoto, humfikisha langoni mwa shule, kisha hukimbia kazini. Anashona suruali katika kiwanda cha nguo hapo hapo mtaani kwao, Baba Dogo, Nairobi. Mumewe ni dereva wa lori. Leo yuko mpakani Malaba, kesho hajulikani yuko wapi.

Kumpeleka mtoto si shida. Shida ni kumrudisha. Shule hufungwa saa tisa mchana, na Kavutha hutoka kazini jioni. Jirani aliyekuwa akimchukua Ndunge alihama. Kavutha akaanza kuomba ruhusa ya kutoka mapema. Mara ya mwisho msimamizi wake alimwambia waziwazi, "Mama, ukitoka tena kabla ya wenzako, usirudi."

Ndipo Kavutha alipompigia simu baba yake kule Mwingi. Mzee Nzomo alikuja na chupa ya asali, mfuko wa ndengu na kofia yake ya zamani. Kazi yake ilikuwa moja tu. Kila mchana amchukue mjukuu wake shuleni, amlete nyumbani.

"Utaweza, Baba?" Kavutha aliuliza. "Hapa nyumba zinafanana."

Mzee Nzomo alicheka. "Mimi? Tangu nikiwa mdogo nimefuata mbuzi. Mbuzi wa watu wakipotea porini, nani huitwa? Si mimi? Nitapoteaje kati ya nyumba?"

Mzee huyo! Kujua alijua mengi. Kuuliza ndiko kulikomshinda. Kwao Mwingi watu ndio waliokuja kumuuliza yeye, na alizoea hivyo.

Siku ya Jumapili, baada ya ibada, Kavutha alimwonyesha njia. Walitembea polepole, Ndunge akiwa mbele akirukaruka. Mzee aliangalia kila kitu. Kwenye kona ya kwanza kulikuwa na kanisa la hema. Watu walikuwa wakiimba kwa vipaza sauti. Akasema moyoni, "Penye nyimbo, nakata kushoto." Mbele kidogo lori kubwa lenye turubai la buluu lilikuwa limeegeshwa. Akasema moyoni, "Penye lori, nakata kulia." Mwishowe wakafika penye jaa la taka. Mbuzi walikuwa juu ya jaa, wakitafuna maganda ya ndizi. Lango la shule lilikuwa ng'ambo ya jaa hilo.

"Hapa ndipo penye mbuzi," mzee alisema kwa furaha. Alikuwa hajaona mbuzi tangu afike Nairobi.

"Umeshika njia, Baba? Turudie?"

"Turudie nini? Nimeshika."

Jumatatu mchana mzee alifunga mlango, akavaa kofia, akaondoka. Alikuwa na furaha. Lakini looo, mtaa ulikuwa umegeuka! Jana maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Leo yote yalikuwa wazi, na bidhaa zimemwagwa hadi barabarani. Jana viwanda vilikuwa kimya. Leo milango yake mikubwa ilikuwa wazi, mafundi wakichomelea vyuma, na mikokoteni ikipita kwa kasi. "Sande! Sande!" wasukumaji walipiga kelele ili wapishwe njia, na mzee akaruka kando bila kujua Sande ni nani.

Alisikiliza nyimbo. Hakuna aliyekuwa akiimba. Watu wa kanisa walikuwa kazini kama watu wengine. Mzee alipita hema lile bila kulitambua, kwa sababu mbele yake muuza mitumba alikuwa ametundika makoti. Akaenda mbele kutafuta lori la turubai la buluu. Nalo lori halikuwepo. Lori ni la kazi, litakaaje pale siku ya Jumatatu?

Vijana waliokuwa wameketi kando ya njia walimsalimu. "Niaje, mzee?"

"Mzuri," alijibu, akapita haraka. Wangemwonyesha shule bila taabu yoyote, kama angewauliza. Hakuuliza.

Alipinda huku, akapinda kule. Jasho likamtoka. Alitoa simu akampigia Kavutha, lakini ilikuwa imezimwa. Kule kiwandani simu zote huwekwa kabatini hadi jioni. Namba nyingine hakuwa nayo.

Hapo ndipo alipowaona mbuzi. Walikuwa kundi zima, wakitembea kando ya barabara, na mtu mmoja nyuma yao na kijiti. Mzee alimshukuru Mungu kwa sauti. "Hawa wanaenda kwenye lile jaa!" alisema. "Nikiwafuata hawa, nimemfikia Ndunge."

Akawafuata. Mbuzi wakafika barabara kubwa. Mtu wa kijiti akasimamisha magari kwa mkono, mbuzi wakavuka, na mzee akavuka nao. Jana yeye na Kavutha hawakuvuka barabara kubwa. Mzee aliliona jambo hilo, akalipuuza. Alisema labda mbuzi wanajua njia ya mkato.

Mbuzi wakaenda, wakaenda. Hatimaye wakaingia mahali palipojaa mbuzi wengine. Kulikuwa na kelele, mavi ya mbuzi na harufu ya damu. Wanaume waliovaa makoti meupe na gambuti walipita wakibeba nyama mabegani. Hapo palikuwa Kiamaiko, penye soko la mbuzi na kichinjio. Hapakuwa na jaa la maganda ya ndizi. Hapakuwa na Ndunge.

Mfanyabiashara mmoja, jina lake Salad, alimwona mzee amesimama katikati ya mbuzi, mdomo wazi.

"Karibu, mzee. Unauza au unanunua?"

"Siuzi wala sinunui. Nimekuja kumchukua mjukuu wangu shuleni."

Salad alitazama huku na huku. "Shuleni? Hapa?"

"Nimewafuata mbuzi hawa. Jana walikuwa juu ya jaa, mbele ya shule."

Salad alicheka hadi akashika tumbo. "Mzee wangu! Hawa jana walikuwa Isiolo, ndani ya lori. Lori limeharibika leo hapo juu, tukawashusha wamalizie safari kwa miguu. Mbuzi wa majaa huwa ni wa watu wa mtaani, wala hawatoki pale. Kwani hukuona alama ya rangi migongoni mwa hawa?"

Mzee aliwatazama mbuzi. Kweli, kila mmoja alikuwa na alama nyekundu. Hata masikio yao hayakufanana na ya wale wa jana. Kule Mwingi angeliona jambo hilo akiwa mbali. Aibu ilimshika. Halafu akamkumbuka Ndunge amesimama langoni peke yake, na aibu ikawa hofu.

"Nisaidie, mwanangu," alisema. "Mtoto ananingoja."

Salad aliacha kucheka. "Shule inaitwaje?"

"Ni shule ya Ndunge. Ndunge ni mjukuu wangu."

"Sawa, lakini jina lake? Iko mtaa gani?"

"Ni Baba Dogo. Jina sijui."

"Na unakoishi? Ploti ya nani?"

"Ni ya... ina mlango wa buluu."

"Mzee, milango ya buluu huko ni mingi kuliko mbuzi hawa," Salad alisema. "Twende."

Alimwachia mwenzake mbuzi, akampeleka mzee hadi kwenye daraja la kuvukia barabara kubwa. "Vuka hapa, usivuke tena kwa miguu katikati ya magari. Ukifika ng'ambo, uliza. Usimuulize mtu anayepita. Huenda naye ni mgeni kama wewe. Muulize mtu anayeketi mahali pamoja kila siku. Muuza dawa, wakala wa M-Pesa, fundi wa viatu. Mwambie umepotea, unatafuta chekechea iliyo karibu na jaa lenye mbuzi."

"Lazima niseme nimepotea?"

"Sasa utasema nini, mzee? Kwamba unatembea tu?"

Mzee alivuka. Alimkuta fundi wa viatu chini ya mwavuli. Alisimama mbele yake, akakohoa, akavua kofia. Maneno yalikuwa mazito mdomoni.

"Nimepotea," alisema. "Natafuta chekechea iliyo karibu na jaa lenye mbuzi."

Fundi hakucheka. Hata hakushangaa. Alinyoosha mkono na kumweleza njia: mnara wa simu, kisha tangi kubwa la maji, kisha kulia. Mzee alirudia maneno hayo kwa sauti, fundi akaitikia, na mzee akaenda haraka kama anayekimbia.

Alipofika, lango la shule lilikuwa limefungwa. Nje hapakuwa na mtoto hata mmoja.

"Ndunge!" mzee aliita. "Ndunge wee!"

Lango likafunguliwa. Ndunge alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mgongoni, macho mekundu kwa kulia. Kando yake alikaa mwalimu, pamoja na Wacera. Huyu Wacera ni jirani wa Kavutha, amepanga chumba katika ploti ile ile. Ni mhudumu wa afya wa mtaa, na kazi yake ni kutembelea nyumba za watu.

Ndunge alimkimbilia babu yake, kisha akasimama na kununa. "Babu, ulienda wapi?"

Mzee alipiga magoti, akamkumbatia. "Nilipotea, mama. Nisamehe. Nilipotea kabisa."

Mwalimu alisema kwa upole, "Simu ya mama yake imezimwa. Bahati nzuri alituachia namba mbili, ya pili ni ya Wacera. Mtoto hatumpi mtu tusiyemjua, na hatumwachi nje. Lakini, mzee, hatuwezi kungoja hivi kila siku."

Jioni Kavutha alirudi, akasikia habari yote kutoka kwa mzee na Wacera. Aliketi kitandani, akalia. Alikuwa amechoka, na hofu ilikuwa imemjaa. "Basi, Baba. Rudi nyumbani. Mimi nitaacha kazi. Nitafanya nini tena?"

Mzee aliinamisha kichwa.

Wacera ndiye aliyemjibu. "Ngoja kwanza, Kavutha. Mwenye makosa si mzee peke yake. Ulimwonyesha njia siku gani?"

"Jumapili. Ndiyo siku yangu ya kupumzika."

"Haya basi! Mtaa wa Jumapili na mtaa wa Jumatatu ni kama mitaa miwili. Ulimwonyesha mmoja, ukamtuma kwenye mwingine. Mgeni aonyeshwe njia siku ya kazi, na saa ile ile atakayoitumia." Kisha akamgeukia mzee. "Na wewe, mzee wangu, alama zako zilikuwa zipi?"

"Nyimbo. Lori. Mbuzi."

"Ngai! Vyote vina sauti au miguu au magurudumu! Alama ni kitu kisichohama. Mnara. Tangi. Msikiti. Ghorofa yenye rangi ya pekee. Hata mama wa chapati si alama, kesho ataugua asitoke."

Mzee alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mchana. "Porini tunafanya hivyo hivyo. Tunashika mlima na mwamba. Tena unageuka nyuma mara kwa mara, maana njia ya kurudi haina sura ya njia ya kwenda."

"Kumbe unajua!" Wacera alipiga makofi. "Fanya hivyo hapa. Watu wakikuona unageukageuka, wacha waone. Na uwe unauliza."

"Hilo ndilo gumu," mzee alikiri.

"Leo umelifanya mara mbili, na bado uko hai." Wote walicheka, hata Kavutha aliyekuwa bado anapangusa machozi.

"Nipe wiki moja," mzee alimwomba binti yake. "Nikishindwa, nitaenda mwenyewe. Usiache kazi kwa ajili yangu."

Kavutha alikubali. Usiku huo walimfundisha mzee jina la shule, jina la ploti, jina la steji ya matatu iliyo karibu na namba ya Wacera. Ndunge ndiye aliyekuwa mwalimu. Mzee akikosea, alimwambia, "Babu, rudia!" na mzee akarudia.

Mchana uliofuata Wacera alitembea naye. Yeye hakuongoza. Alikaa nyuma, akamwacha mzee aongoze, na kila kona alimuuliza, "Hapa umeshika nini?" Siku iliyofuata mzee alienda peke yake, Wacera akiwa mbali nyuma. Baada ya hapo hakuhitaji kusindikizwa. Alipoijua vizuri njia ya shule, akajifunza ya sokoni. Kisha ya kliniki. Hakuanza njia mpya kabla ya kuizoea ya zamani. Kila alipopita alimsalimu mtu aliyeketi, wa duka la dawa au wa kukaanga viazi, nao wakamjua kwa jina.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha, na maji yakafunga njia ya shule. Mtaro ulikuwa umejaa na kufurika. Watu wengi walisimama wakingoja. Mzee alimuuliza muuza dawa njia nyingine. Akazungukia nyuma ya viwanda akilitazama lile tangi la maji juu ya mapaa, akafika langoni kabla halijafunguliwa. Mwalimu alimwona, akatabasamu. Mzee na Ndunge walirudi kwa njia hiyo hiyo ndefu, wakiwa wameloa na kupiga soga.

Kiwandani siku hiyo wanawake kadhaa walihangaika juu ya watoto wao. Kavutha alishona hadi kengele ya mwisho. Alifika nyumbani giza likiingia, akavua viatu vyenye matope, akaketi.

Wiki za kwanza, kabla hata ya kuvuka kizingiti, alikuwa akiuliza, "Ndunge yuko?" Jioni hiyo hakuuliza. Alinyoosha miguu, akafumba macho, akasema, "Baba, leo tumepika nini?"