Fumua Yote, Anza Upya

Mama Kifungo alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na mshono uliopinda haukutoka humo. Wasichana wawili waliojifunza kazi kwake waliogopa neno moja tu. Fundi alishika nguo, akaigeuza ndani nje, akakunja uso, kisha akasema, "Fumua." Hata kama kasoro ilikuwa ya inchi moja, ulifumua mshono mzima.

Kifungo lilikuwa jina la utani la binti yake. Tangu akitambaa, kazi yake ilikuwa kuokota vifungo chini ya cherehani. Wateja walimtania.

"Una miaka mingapi?"

"Saba."

"Kifungo cha miaka saba! Kwani uliiba nini?"

Mtoto alicheka kila mara, ingawa utani ulikuwa uleule. Alipoingia darasa la pili, kicheko hicho kilianza kupungua.

Kila siku alirudi kutoka shule saa nane mchana. Kabla hajavua viatu, mama alisema, "Toa daftari." Alikaa pembeni mwa meza ya kukatia nguo, cherehani ikinguruma karibu na sikio lake. Aliandika. Mama alinyoosha shingo, akatazama.

"Hii b umeigeuza. Fumua."

Hapo mtoto alichukua raba, akafuta ukurasa wote, akaanza upya. Mama hakuwa mtu mbaya. Alimfundisha mwanawe kwa njia aliyoijua, na kwa njia hiyo alikuwa ametoa mafundi wazuri.

Basi Kifungo akaanza kuumwa tumbo saa nane kamili. Alichonga penseli mpaka ikabaki kipande. Aliomba kwenda chooni mara tatu. Jioni iliwakuta palepale, ukurasa mweupe, na wote wawili wanalia. Siku moja mama alimpiga vidoleni kwa rula. Alijuta, lakini mkono ulikuwa umeshashuka.

Ijumaa ikaja barua ya mwalimu wa darasa. Mtoto haandiki chochote, hata shuleni. Akiendelea hivi, atarudia darasa.

Baba alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Aliisoma barua akiwa bado na madoa ya chokaa kwenye nyusi.

"Mwache," alisema. "Wengine hawakuumbiwa kalamu."

Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliuma zaidi.

Kesho yake mama alimsikia Kifungo akiongea chini ya meza ya kukatia. Akainama, akachungulia. Mtoto alikuwa amefunga mabaki ya vitambaa, akatengeneza mwanasesere, akamwekea karatasi mbele.

"Fumua," alikuwa akimwambia. "Fumua yote. Mjinga kama wewe sijaona."

Mama hakuwahi kumwita mtoto wake mjinga. Au aliwahi? Alijaribu kukumbuka, akashindwa kuwa na hakika. Aliketi kwenye kiti chake, akashika tama.

Hivyo ndivyo jirani yake alivyomkuta. Jirani huyo alikuwa mwalimu wa madarasa ya chini katika shule nyingine, na alikuja kuchukua sketi yake.

"Mama Kifungo, kuna msiba?"

"Bora ungekuwa msiba, watu wangekuja kunipa pole. Mtoto wangu amezimika, jirani. Na aliyemzima ni mimi."

Akamweleza yote, hata habari ya rula. Mwalimu aliomba daftari. Akalifunua polepole. Kurasa zilikuwa zimechakaa kwa kufutwa, nyingine zimetoboka.

"Hapa kulikuwa na nini?"

"Sentensi kumi."

"Zilikuwa na makosa mangapi?"

"Moja. Herufi iligeuka."

"Sasa zile tisa alizopatia ziko wapi?"

Mama alipapasa ukurasa uliotoboka. Kisha akajitetea kidogo. "Mwalimu, kosa ukiliacha, nguo nzima inaharibika."

"Nguo haisikii ukiifumua. Mtoto anasikia. Wewe ulipojifunza kushona, ulianza na suti?"

"Suti wapi. Nilishona mistari kwenye karatasi, bila uzi."

"Ilinyooka?"

"Ilipinda kama njia ya ng'ombe."

"Na fundi wako alikupiga rula?"

"Alisema, 'Endelea, mkono utazoea.'" Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mungu wangu. Nilisahau kabisa."

Mwalimu akavuta kiti. "Akitoka shule, ale kwanza. Acheze nusu saa, kichwa kipumue. Halafu kaeni mahali pamoja, saa ileile kila siku, na cherehani uizime. Mwambie aanze na lile analoliweza. Sentensi mbili tatu, apumzike, kisha nyingine. Akimaliza, mwonyeshe kwanza alichopatia. Kosa mwonyeshe moja tu, alirekebishe mwenyewe. Usimwandikie."

"Na akishindwa?"

"Dakika ishirini zikiisha, funga daftari. Mwandikie mwalimu wake kwamba amejaribu, na hapa ndipo alipokwama. Hiyo si aibu, mwalimu anataka kujua. Nenda ukaongee naye pia. Mkampime macho na masikio, msije mkamlaumu kwa asichokiona."

"Jirani, unadhani atarudi kama zamani?"

"Sijui," alisema mwalimu. "Ameumia. Usitegemee kesho."

Alisema kweli. Jumatatu cherehani ilizimwa, mama akakaa karibu, na mtoto hakuandika hata nukta. Alimtazama mama mikono, kama anayengoja. Mama aliandika, "Leo amejaribu," akafunga daftari. Jumanne vilevile. Jumatano Kifungo aliandika neno moja, akalifuta mwenyewe mpaka karatasi ikachanika. Mama alitoka nje akalia nyuma ya ukuta, akamwambia baba kwamba wamechelewa.

"Macho na masikio yamepimwa, ni mazima," alisema baba. "Tuendelee tu. Kesho nitakaa naye mimi."

Wakapokezana. Wiki ya pili likabaki neno moja kwenye ukurasa. Wiki ya nne zikabaki sentensi mbili. Tumbo likaacha kuuma. Mwalimu wa darasa akaandika kwamba Kifungo sasa anaandika shuleni, polepole, na hatarudia darasa.

Siku hiyo kazi ya nyumbani ilikuwa sentensi tatu kuhusu mtu wa nyumbani. Kifungo aliandika ulimi ukiwa nje kidogo, kisha akalisukuma daftari kwa mama bila kumtazama.

Mama alisoma. *Mama anashona nguo. Mama ana mkasi mkuwa. Leo mama hajakasirika.*

Aliliona lile neno lililokosewa. Aliliona pia lile neno *leo*, na ndilo lililomchoma.

"Sentensi tatu, na zote nimezielewa," alisema. "Na kesho je, mama atakasirika?"

Kifungo alifikiri.

"Sijui," alisema. "Nitaandika kesho."