Mkaguzi wa Pili

Usiku wa kuamkia Jumatano, saa nane na dakika kumi, mfamasia alisikia mtu akihesabu ukutani. Moja, mbili, tatu, taratibu, kama anayegawa vidonge. Ilipofika kumi na sita, sauti ikakoma. Chumba cha upande wa pili kilikuwa kitupu tangu wapangaji wahame. Akajifunika shuka akasubiri kumi na saba. Haikuja. Sauti ikaanza tena, moja.

Hakupata lepe la usingizi usiku ule, wala wa pili, wala wa tatu.

Ijumaa asubuhi alikuwa mezani pake, katika chumba cha kuchanganyia dawa za watoto wachanga. Macho yalimwasha, na mstari mmoja aliusoma mara tatu. Kazi yenyewe haitaki mzaha: unachukua uzito wa mtoto, unazidisha, unaweka nukta mahali pake. Kisha mkaguzi wa pili anapiga hesabu yake mwenyewe bila kutazama yako. Mkaguzi huyo alikuwa kijana waliyemwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua likizo.

"Kilo nne na nusu," mfamasia alisema bila kugeuka. "Miligramu arobaini na tano."

"Sahihi," ilijibu sauti nyuma yake.

Akaujaza mfuko wa dripu, akaupitisha dirishani, mhudumu akaupeleka wodini pamoja na miwili aliyokwisha kuijaza asubuhi ile. Ikapita harufu ya mto uliolaliwa muda mrefu bila kufuliwa. Akadhani ni yeye mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa. Kasuku akaingia akikung'uta mwavuli.

"Nisamehe, dada. Mimi na mvua hii tuna kesi. Umeanza peke yako?"

"Acha utani. Umesimama hapo tangu saa mbili."

"Mimi? Ndiyo kwanza naingia. Au nina pacha, mama kanificha?"

Hakucheka. Alirudia hesabu zote kidole kikifuata kila mstari. Mfuko wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu ulipaswa kuwa na miligramu nne na nusu tu. Nukta ilikuwa imehama, naye akatoka mbio bila kufunga mlango, akapanda ngazi akishikilia ukuta, harufu ile ikimfuata begani na sauti ikimnong'oneza sahihi, sahihi, sahihi, kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto, mpaka nusura aiamini na kugeuka arudi zake mezani.

Muuguzi mkuu, ambaye wote walimwita Mama Wodi, alikuwa ameshautundika mfuko. Mkono wake ulikuwa kwenye mrija.

"Usifungue," mfamasia alisema, pumzi zikimwishia.

Mama Wodi alimtazama mtoto, kisha akamtazama yeye. "Umelala lini, mwanangu?"

"Jumatatu."

Mama Wodi akashusha sauti. "Kuna jini halitaki damu wala ubani. Linakula usingizi. Likishiba, linakaa nyuma yako linakwambia uko sawa. Na mtu aliyekesha humwamini yeyote anayemwambia yuko sawa. Nenda kalale."

Mfamasia alimweleza mkubwa wake kosa lile, ila habari ya ile sauti akaimeza. Akapewa wiki nzima ya mapumziko. Usiku ule ukuta ulinyamaza. Akalala fofofo.

Asubuhi iliyofuata aliamshwa na simu. Kasuku.

"Dada, nawe huna dogo," alisema kwa miayo. "Umepewa mapumziko, bado umekuja kunikagulia. Ila hata salamu? Mifuko saba, unasema sahihi tu, kisha unatoweka. Bora ulikuja lakini. Jirani wa juu kakesha akihesabu sijui kitu gani, kichwa changu leo ni boga."

Mfamasia alikata simu, akapiga wodini. Ikaita. Ikaita.

"Mama, fungeni mirija yote. Mifuko yote ya asubuhi hii."

"Lakini nimeambiwa umeikagua wewe."

"Sikuja kazini, Mama. Niko nyumbani."

Mfamasia akatoka mbio, simu sikioni.

"Sasa nitajuaje," Mama Wodi aliuliza polepole, "kwamba huyu ninayezungumza naye ndiye wewe?"

Mfamasia alikuwa ameshafika barabarani, miguu mitupu, gauni la kulalia likimnasa magotini.

"Usiniamini," alisema. "Chukua kalamu, upige hesabu mwenyewe."